Mume wangu alirudi kutoka Kongo mzima, ila halali. Tiba ya maongezi inasaidia kweli?

MamaPili: Habari za jioni wakuu. Mume wangu ni mwanajeshi mstaafu, alilinda amani Kivu Kaskazini. Hana kovu hata moja. Lakini mvua ikipiga bati usiku anashtuka, anawapapasa watoto vichwani mmoja mmoja huku akihesabu, kisha anakaa mlangoni mpaka alfajiri. Alipewa diazepamu, analala kama gogo, akiamka ana hasira kuliko jana. Ndugu zake wanasema karogwa. Muuguzi mmoja kanidokeza tiba ya maongezi. Naombeni ukweli, maongezi yanaweza kumtoa mtu hapo?

Juma_Mkongwe: Mpelekeni kwenye maombi dada, asahau yaliyopita.

Nesi_Texas: Pole sana dada. Maombi ni mazuri, ila kumwambia asahau ndiko kunakomkwamisha. Huku Marekani nauguza waliopigana Irak na Afghanistan. Tiba mbili zimepimwa sana kwao. Katika moja mgonjwa anaisimulia siku ile ya tukio baya tena na tena, vikao 8 hadi 15 vya dakika 90, mpaka mwili uzoee kuwa imepita. Nyingine ni vikao 12, anachambua mawazo kama "wenzangu walikufa kwa uzembe wangu". Utafiti wa mwaka 2022 uliwafuatilia wastaafu 916: zote mbili zilipunguza dalili. Lakini sikufichi, karibu nusu waliacha njiani, kwa sababu wiki za mwanzo zinauma. Hapo ndipo atakapokuhitaji. Diazepamu haishauriwi kwa PTSD (kiwewe kinachobaki baada ya tukio la kutisha), ila asiikatishe ghafla, daktari aipunguze taratibu.

MamaPili: Asante sana. Lakini hayo ni ya Wazungu, huku kwetu je?

Mshauri_Dom: Dada, ipo iliyojaribiwa hapa hapa jirani, kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Konstanz, Ujerumani. Kamba inatandazwa sakafuni, ndiyo maisha yake tangu kuzaliwa. Penye jema anaweka ua, penye baya jiwe, halafu anasimulia kwa mpangilio. Katika utafiti uliochapishwa 2008, waliofundishwa kuitoa walikuwa wakimbizi wenyewe, na wenzao walipata nafuu. Ulizia mwanasaikolojia tiba hospitali ya rufaa ya mkoa. Akisema anataka kujiua, msisubiri miadi, mpelekeni saa hiyo hiyo.

Afande_Mstaafu: Shemeji, mimi nilikaa miaka nakagua komeo mara tano kila usiku. Kilichonisaidia ni kumweleza mtu ambaye hakunikatisha wala kunionea huruma. Kikao cha tatu nilitapika, nikaapa sirudi. Mke wangu alinisindikiza cha nne, akanisubiri nje kwenye benchi. Usimlazimishe akusimulie wewe.

MamaPili: Nimemsomea ya Afande. Alinyamaza kitambo, kisha akauliza hiyo kamba inakuwa na urefu gani. Jumatatu tunakwenda.