Vyuo vinadahili PhD ya rasilimali watu huku havina wa kuzisimamia. Hii ni haki kweli?

Mchokonozi wa Ilala

Wakuu, heshima kwenu. Uzi ni mrefu na nina hasira, nivumilieni.

Kila dirisha la udahili likifunguliwa tunaona matangazo yaleyale: PhD katika Usimamizi wa Rasilimali Watu, miaka mitatu, vipindi vya jioni na mwishoni mwa wiki, ada kwa awamu. Maofisa utumishi, wahadhiri wasaidizi na mameneja wanalipia fomu, wanalipa awamu ya kwanza, wanaanza. Mwaka wa sita mtu bado yuko sura ya tatu, ada ya kuongeza muda inamtafuna, na chuo kinamwita mzembe. Wazembe wapo, sikatai. Lakini sehemu kubwa ya balaa hili imo ndani ya barua ya udahili tangu siku ya kwanza.

Isomeni hiyo barua. Kurasa mbili. Jina la programu lipo, namba ya usajili ipo, ada imechanganuliwa hadi hela ya kitambulisho, akaunti ya benki ipo, tarehe ya mwisho ya kulipa imekolezwa wino. Jina la msimamizi? "Atapangiwa baadaye." Barua nyingine hazigusi kabisa jambo hilo. Katika PhD ya tasnifu msimamizi ndiye masomo yenyewe! Hakuna ratiba ya vipindi itakayokuvusha kama yeye hayupo.

Kwa nini HR, yaani rasilimali watu, hasa? Shahada ya kwanza ya rasilimali watu inajaza kumbi. Walimu wake wamebanwa na kufundisha na kusahihisha, wengi wana uzamili, na wachache wenye PhD ndio haohao wakuu wa idara na washauri wa taasisi za nje. Chuo kikidahili kumi na watano na wenye uwezo wa kusimamia wakawa wawili, wanaobaki wanagawiwa mtu wa masoko, wa uhasibu, wa uchumi. Huyo atakurekebishia nukta na mtindo wa marejeo, atakusukumia modeli anayoijua yeye, na utaona kama mambo yanakwenda. Moto unawaka tasnifu ikifika kwa mtahini wa nje ambaye ni mtu wa HR kwelikweli. Anauliza nadharia ya mabadilishano ya kijamii (mwajiri akitenda wema, mfanyakazi hulipa kwa bidii) umeitumia wapi zaidi ya kuitaja sura ya pili. Anauliza kwa nini umechukua mafunzo, mishahara na upandishaji vyeo kama vitu vitatu tofauti wakati kwa miongo kadhaa utafiti wa HR umehimiza vipimwe kama mfumo mmoja. Unarudishwa na marekebisho makubwa, na ada inaanza upya.

Pigeni hesabu ya muda. Tasnifu ya sura tano, kila sura ipite kwa msimamizi mara tatu, kila mara akae nayo wiki sita. Hizo ni wiki 90, karibu mwaka mmoja na miezi tisa, za kusubiri tu. Bado hujaingia uwandani, hujachambua data, hujangoja watahini. Msimamizi anayerudisha kazi ndani ya wiki mbili anazigeuza 90 kuwa 30. Tofauti hiyo ni kubwa kuliko punguzo lolote la ada, na hakuna tangazo linaloitaja.

Namna ya kuchunguza kabla hujatoa hata shilingi: ingia kwenye hazina ya tasnifu ya chuo mtandaoni, chambua za PhD zilizohusu HR. Usihangaike na muhtasari kwanza. Angalia ukurasa wa jina na ule wa tamko. Vyuo vingi namba ya usajili ya mwanafunzi hubeba mwaka wa kuingia, na mwaka wa kuwasilisha umeandikwa chini. Toa mmoja kwa mwingine. Ukikuta saba, nane, saba, huo ndio muda halisi wa programu, si ile mitatu ya tangazo. Kisha ukurasa wa ithibati ya wasimamizi, pale wanapotia saini: majina gani yanajirudia? Yatafute kwenye Google Scholar, uone katika miaka mitano iliyopita wamechapisha nini. Profesa mwenye jina kubwa ambaye andiko lake la mwisho la HR ni la 2009 hatakusaidia kujibu mtahini wa leo.

Ukikuta hazina haina tasnifu hata moja ya HR, basi wewe ndiye wa majaribio. Waulize hivyohivyo, bila aibu.

Bi Takwimu

Mkuu umegusa penyewe, ila umeacha donda kubwa zaidi, nalo ni kozi za mbinu za utafiti. Hapo ndipo programu za HR zinapotuangusha.

Chukueni tasnifu kumi za "athari za kitu fulani kwa utendaji wa wafanyakazi, mfano wa taasisi fulani". Karibu zote zina dodoso la kipimo cha ngazi tano, na sampuli iliyotafutwa kwa fomula ya Yamane: idadi ya watu gawanya kwa moja jumlisha idadi hiyo mara mraba wa kosa linalokubalika. Wafanyakazi 1,200, kosa 0.05: 1,200 gawanya kwa 4, unapata 300. Inapendeza. Tatizo ni kwamba fomula ile inakadiria asilimia katika kundi, mfano wangapi wameridhika na kazi. Haisemi chochote kuhusu sampuli ya kutosha kwa rigresheni (kupima kitu kimoja kinavyotabiriwa na vingine) yenye vigezo sita na kipatanishi katikati, yaani kigezo kinachopitisha athari. Kwa hiyo unahitaji hesabu ya nguvu ya jaribio (uwezekano wa kugundua athari iliyopo), na programu ya G*Power inaitoa bure. Mwanafunzi anakuja kulijua hili mbele ya jopo. Aliyetakiwa kumfundisha mwaka wa kwanza alikuwa wapi?

La pili. Dodoso moja, siku moja, mtu mmoja anajaza kuhusu uongozi wa bosi wake na hapohapo anajipa maksi za utendaji wake mwenyewe. Majibu yanaweza kushabihiana hata kama hakuna uhusiano wowote, kwa sababu yametoka kichwa kimoja kwa wakati mmoja. Majarida mazuri ya HR mara nyingi yanakataa kazi za namna hii mlangoni, kabla hazijafika kwa wahakiki. Dawa ni kutenganisha vyanzo: mfanyakazi ajaze kuhusu uongozi, msimamizi wake wa kazi ajaze kuhusu utendaji, ikiwezekana kwa kupishana wiki kadhaa, na fomu ziunganishwe kwa namba za siri. Na kama wafanyakazi wako ndani ya idara ishirini, wa idara moja wanafanana, kwa hiyo uchambuzi unatakiwa uwe wa ngazi mbili, mtu na idara. Hayo hayafundishwi kwa semina ya siku mbili ya SPSS, ile programu ya takwimu.

Ombeni muhtasari wa kozi za mbinu kabla ya kujiunga. Kama mada zinaishia kwenye wastani, rigresheni na alfa ya Cronbach (kipimo cha maswali ya dodoso kushabihiana), hiyo ni uzamili iliyorudiwa kwa bei ya uzamivu.

Kiroboto77

Vipi kuhusu DBA, uzamivu wa usimamizi wa biashara? Kuna mtu anadai ni sawa na PhD na inaisha haraka.

Nyundo ya Nakuru

Kiroboto, DBA ni shahada ya uzamivu halali ikitoka chuo chenye ithibati, ila imelenga tatizo la kazini. Mtu anayetaka kubaki meneja wa rasilimali watu itamfaa. Anayetaka kufundisha chuo kikuu aulize kwanza, kwa maandishi, kama mwajiri anaihesabu kama PhD, maana matangazo mengi ya kazi yanaandika PhD peke yake. Na jina litakaloandikwa kwenye cheti liulizwe pia. Kuna programu zinazotangazwa kama za HR, cheti kinatoka "Usimamizi wa Biashara", na HR inaonekana kwenye kichwa cha tasnifu tu.

Kwa walio Kenya, nina malalamiko matatu.

Kwanza, watu wanadanganywa kwamba PhD itawafungulia mlango wa taaluma yenyewe. Sheria ya Wataalamu wa Usimamizi wa Rasilimali Watu ya 2012 inataka usajili kwa IHRM (taasisi ya wataalamu wa HR ya Kenya) na cheti cha kufanyia kazi. Shahada ni shahada, leseni ni leseni. Chuo kinachonyamazia hilo kinapouza PhD kwa maofisa wa HR hakitendi haki.

Pili, kibali cha NACOSTI, tume ya sayansi na utafiti ya Kenya. Hata mwanafunzi Mkenya anakihitaji kabla ya kukusanya data, na huwezi kukiomba bila pendekezo la utafiti lililopitishwa na barua ya chuo. Kamati ya uzamili ikikutana mara moja kwa muhula na wewe ukakosa kikao kwa wiki moja, umepoteza miezi minne. Ulizeni kamati inakutana mara ngapi.

Tatu, tusijifanye tumesahau Juni 2019. Chuo kikuu cha JKUAT kilitoa PhD 118 katika mahafali mamoja, sehemu kubwa kutoka chuo chake cha maendeleo ya rasilimali watu, na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ikaingilia kuchunguza. Kati ya wahitimu wale wamo waliofanya kazi yao kwa jasho, na bado wanaulizwa maswali ambayo hawakustahili. Ndiyo maana chuo kinachosifia wingi wa wahitimu wake hakijakuambia lolote. Muulize kila msimamizi ana wangapi sasa hivi.

Msafiri wa Pune

Nyongeza kwa wanaofikiria nje.

India: kanuni za UGC (tume ya vyuo vikuu ya huko) za Novemba 2022 zimeweka kikomo, profesa wanafunzi wanane wa PhD, profesa mshiriki sita, profesa msaidizi wanne. Muda usipungue miaka mitatu. Na zimekataza kabisa PhD kwa masafa au mtandaoni. Wakala akikuambia utaifanyia Dar au Mombasa bila kukanyaga India, anakuuzia karatasi.

Marekani: ithibati ya chuo itafute kwenye hifadhidata ya Wizara ya Elimu yao au ya CHEA (baraza lao la ithibati ya elimu ya juu), usiitafute kwenye tovuti ya chuo chenyewe. Leseni ya jimbo si ithibati. Nembo ya SHRM (chama cha wataalamu wa HR cha Marekani) kwenye tangazo la PhD haikuambii kitu, maana ulinganishaji wa mitaala wanaofanya SHRM unahusu shahada ya kwanza na uzamili. AACSB na EQUIS ni ithibati za kimataifa zinazokagua shule ya biashara, na ni ushahidi mzuri kuhusu shule, ila hazikuhakikishii kwamba ndani yake kuna mtu wa HR wa kukusimamia.

Uganda: 2023 kulizuka kelele baada ya programu nyingi kuonekana kwenye orodha ya NCHE (baraza la elimu ya juu la huko) zimeisha muda wa ithibati. Chuo kilikuwa halali, programu ndiyo iliyokwisha muda. Vitu hivyo viwili vikaguliwe mbalimbali, na tarehe isomwe.

Mtanzania, kabla hujalipa nje, waandikie TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) uwaulize kama shahada ya chuo hicho, kwa mfumo huo wa masomo, wataitambua. Ukirudi na cheti kisichotambuliwa, hakuna ofisa utumishi atakayekipokea, na wewe mwenyewe ni ofisa utumishi, unajua.

Mchokonozi wa Ilala

Asanteni sana, hii ndiyo michango.

Naongeza moja linaloniuma kuhusu wanaolenga ualimu wa chuo. Matangazo ya vyuo vya umma kwa kawaida yanataka GPA ya shahada ya kwanza, mara nyingi 3.8, na ya uzamili 4.0. PhD haifuti GPA ya zamani. Mtu ana 3.2, anauza kiwanja alipe PhD akiamini atakuwa mhadhiri, na chuo kinachompokea kinayajua masharti hayo kwa sababu chenyewe kinayatumia kuajiri. Hakikumwambia!

Na data. PhD ya HR inaishi kwa taarifa za watu: mishahara, nidhamu, likizo za ugonjwa, tathmini za utendaji. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ipo kwetu Tanzania, Kenya wana yao ya 2019. Taasisi haitakufungulia mafaili kwa sababu una barua ya chuo. Kwa serikalini Tanzania utapita kwa Katibu Tawala wa Mkoa, ushuke wilayani, ufike kwa mwajiri mwenyewe, na kila meza ina siku zake. Kwa hiyo kabla ya kuchagua mada, pata mwajiri aliyekubali kwa maandishi. Na umwambie msimamizi mtarajiwa kwamba unayo, utaona anavyokusikiliza tofauti.

Machapisho nayo: mkiambiwa makala mbili ni sharti la kuhitimu, waulizeni orodha ya majarida wanayoyakubali. Jarida linalopokea makala Jumatatu na kuikubali Ijumaa kwa malipo halina wahakiki. Likidai limo Scopus (hifadhidata ya majarida), litafute kwenye orodha ya Scopus yenyewe kwa namba yake ya utambulisho, ISSN, maana kuna tovuti zinazoiga majina ya majarida halali.

Kiroboto77

Barua ninayo mkononi, siku kumi zimebaki. Nifanyeje?

Mchokonozi wa Ilala

Usilipe leo. Andika barua pepe kwa kurugenzi ya masomo ya uzamili, nakala kwa mkuu wa idara:

"Nimepokea barua ya udahili wa PhD ya Usimamizi wa Rasilimali Watu. Kabla ya kulipa naomba kujulishwa kwa maandishi: (1) jina la msimamizi mkuu na wa pili, na idadi ya wanafunzi wa PhD walio nao sasa, (2) wanafunzi wangapi wa programu hii wamehitimu katika miaka mitano iliyopita, na kila mmoja alitumia muda gani, (3) malipo yote baada ya mwaka wa tatu, yakiwemo ya kuongeza muda na ya mtihani wa tasnifu, (4) jina la shahada kama litakavyoandikwa kwenye cheti, (5) kama naweza kuahirisha udahili hadi muhula ujao bila kuomba upya."

Sambamba na hiyo, mtumie msimamizi unayemtaka ukurasa mmoja wa wazo lako, si kurasa ishirini. Hesabu siku anazochukua kujibu. Siku ya nane kama kurugenzi iko kimya, nenda ofisini ana kwa ana na nakala ya barua pepe, uombe muhuri wa kupokelewa. Wakikujibu namba tano peke yake, ahirisha, na urudi hapa utuambie wamesema nini kuhusu namba moja.