Je, eneokazi la kompyuta linatosha kumhukumu mtu?

MwalimuNjoro (Nakuru):

Hamjambo wanajukwaa. Mimi ni mwalimu wa shule ya upili katika Kaunti ya Nakuru, na ninaomba maoni yenu kuhusu jambo lililozua mjadala mkali katika chumba chetu cha walimu. Katika mkutano wa idara, mwalimu mmoja kijana aliunganisha kipakatalishi chake na projekta ili atuonyeshe uchanganuzi wa matokeo ya mtihani. Kabla hajafungua faili aliyoikusudia, sote tuliliona eneokazi lake, yaani ule uso wa kwanza wa kompyuta, likiwa limejaa pomoni: maazimio ya kazi, alama za Kidato cha Tatu, barua ya kuomba uhamisho, picha ya mtoto mchanga, fomu za mkopo wa masomo, na folda kadhaa ambazo hazikuwa zimepewa jina lolote. Mkutano ulipokwisha, mwenzetu mmoja mwenye cheo alitamka waziwazi kwamba mtu mwenye kompyuta ya namna hiyo hawezi kukabidhiwa ofisi ya mitihani.

Kauli hiyo imenikera, kwa kuwa mwalimu huyo ndiye huwasilisha alama mapema kuliko wengi wetu. Hata hivyo, siwezi kukana kwamba katika dakika ile moja niliyatambua mambo yake mengi ambayo hajawahi kuniambia. Je, tulichokiona ni tabia yake, au ni kitu kingine?

SaibaKondele (Kisumu):

Mwalimu, swali lako linanigusa kwa sababu kazi yangu ni kuendesha saiba, na kila siku wateja hunifungulia vipakatalishi vyao ili niwachapishie nyaraka. Kwa maoni yangu, kinachoonekana pale kwa uwazi zaidi ni hali ya maisha ya mtu kwa wakati ule. Tabia yake huonekana kwa mbali sana, na pengine isionekane kabisa.

Kuna mzee mmoja aliyekuja kuchapisha barua, na eneokazi lake lilikuwa tupu isipokuwa folda moja iliyowekwa katikati kabisa ya skrini, ikiandikwa MAMA kwa herufi kubwa. Ndani yake mlikuwa na barua ya rufaa, risiti za dawa na makadirio ya gharama za upasuaji. Mtu angeweza kusema kwamba huyu ni mtu nadhifu asiyependa vurugu, lakini ukweli ni kwamba wakati huo hakuwa na jambo jingine lolote maishani lililostahili kuwekwa mbele ya macho yake. Nilichapisha nilichoombwa nikaifunga.

Kompyuta zangu za saiba nazo hujaa, lakini zinaueleza mji mzima wala si mtu mmoja. Ifikapo Juni, kabla ya tarehe 30 ambayo ndiyo mwisho wa kuwasilisha ritani za kodi, utakuta vyeti vya PIN (namba ya mlipa kodi) na fomu za P9 (zinazoonyesha mshahara na kodi iliyokatwa) za watu nisiowajua zimeachwa juu pale, nami huzifuta kila jioni kabla ya kufunga. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inazihesabu taarifa za afya na za familia kuwa taarifa nyeti, na ninaona kwamba aliyeziona kwa bahati mbaya ana wajibu wa kutozizungumza. Mwenzenu mwenye cheo angelianza na hilo.

MhadhiriKakamega:

Ninaongezea kutoka upande wa taaluma, kwa kuwa ninafundisha masomo ya kompyuta hapa Kakamega. Eneokazi lilibuniwa kwa kuiga meza ya ofisi ya kawaida. Kampuni ya Xerox iliuza kompyuta ya Star mwaka 1981, ikiwa na picha ndogo za karatasi na folda juu ya skrini, na Apple ikalieneza wazo hilo kwa umma kupitia Macintosh ya mwaka 1984. Kwa hiyo, anayetaka kuelewa skrini iliyojaa anapaswa kwanza kuielewa meza iliyojaa.

Meza hiyo ilichunguzwa mapema. Mwaka 1983 mtafiti Thomas Malone alichapisha matokeo ya mahojiano na wafanyakazi wa ofisi kuhusu namna wanavyopanga karatasi zao, akaonyesha kwamba wengine huziweka kwenye majalada yenye majina na wengine huzirundika. Jambo la maana zaidi aliloligundua ni kwamba karatasi iliyoachwa juu ya meza mara nyingi iko pale ili imkumbushe mwenyewe kazi ambayo haijakamilika, na kwamba kuamua ni jalada gani linalofaa ni kazi nzito ya akili, hasa pale ambapo karatasi moja inahusu mambo mawili. Mwalimu wenu kijana ana faili nyingi juu kwa sababu huenda ana kazi nyingi mkononi, na hiyo si dalili ya uzembe.

Sisemi kwamba mazingira ya mtu hayaelezi chochote. Mwaka 2002 Sam Gosling na wenzake walichapisha utafiti ambamo watu waliingizwa katika ofisi na vyumba vya kulala vya watu wasiowajua, wakaombwa kukadiria tabia za wenyewe. Walikisia vizuri kiasi jinsi mtu alivyo tayari kupokea mawazo mapya na jinsi alivyo makini katika mambo yake, lakini upole na wema wake ulikuwa mgumu zaidi kuusoma. Hata hivyo, hao walitazama chumba kizima, si uso mmoja wa skrini ulioonekana kwa nukta chache.

MhasibuBungoma:

Naomba kutofautiana kidogo na waliotangulia. Mimi ni mhasibu wa chama cha akiba na mikopo, na kwangu eneokazi lililojaa ni hatari hata kama mwenyewe ni mchapakazi. Katika Windows, faili zilizowekwa pale kwa kawaida huwa kwenye diski C pamoja na mfumo wenyewe, kwa hiyo kompyuta ikigoma kuwaka na fundi akaisafisha ili aweke mfumo upya, zote hupotea iwapo hakuna nakala mahali pengine. Aidha, faili za ofisi ya mitihani si mali ya mtu mmoja. Mwenye kuzitunza akilazwa hospitalini, mwingine lazima aweze kuzipata bila kumpigia simu kitandani. Ningemwomba mwalimu huyo anionyeshe folda ya mtihani wa muhula uliopita, nikaangalia majina ya faili na nakala za akiba, na hapo ndipo ningetoa uamuzi.

Skrini tupu nayo isimdanganye mtu. Katika ofisi nyingi picha ya usuli imefungwa na idara ya kompyuta, hata mfanyakazi hawezi kuweka picha ya watoto wake, na wengine husukuma kila kitu ndani ya folda moja iitwayo “Mengineyo” wasiiguse tena.

MwalimuNjoro (Nakuru):

Ninawashukuru nyote. Nimezungumza na mwalimu mwenyewe kwa faragha, naye amenieleza kwamba kipakatalishi kile anakitumia pamoja na mdogo wake aliye chuo kikuu. Fomu za mkopo na zile folda zisizo na majina ni za mdogo wake, na alama za wanafunzi zina nakala mbili nje ya kompyuta. Nitayafikisha hayo kwa mwenzetu pamoja na pendekezo la mhasibu.

SaibaKondele (Kisumu):

Mwambie pia amfungulie mdogo wake akaunti yake katika kompyuta hiyohiyo, kila mmoja awe na eneokazi lake. Na siku ya kutumia projekta, abonyeze kitufe cha Windows pamoja na P, achague kuipanua skrini badala ya kuirudufu, ili wengine waone tu dirisha atakalolisogeza upande wa pili.