Naomba ushauri: nakuja Lamu peke yangu, nilale wapi?

Hamjambo ndugu zangu. Mwezi ujao nakuja Lamu, mwanamke peke yangu: basi kutoka Mombasa hadi Mokowe, kisha boti. Basi likichelewa nitaingia mjini giza limeshatanda, kwa hiyo nataka nyumba ambayo mwenyewe atanipokea gatini. Vichochoro sivijui, na wabeba mizigo, kila mmoja ana gesti yake ya kukupeleka.

Nimeona chumba mtaa wa Langoni, bei nafuu. Lakini kwenye picha mlango una pete za kufuli upande wa nje tu. Ndani sioni komeo. Usiku nitajifungia na nini, kiti? Nimemuuliza mwenye nyumba, akanijibu, “Usijali dada, hapa sote ni ndugu.” Haya, ndugu, lakini komeo liko wapi?

Wengine wananielekeza Shela. Pazuri, ila ni kama kilomita 3 kutoka mjini, na kutembea ufukweni usiku sitaki. Boti za kurudi baada ya Isha zinapatikana kwa uhakika? Na kuna anayejua nyumba ya familia, mama mwenyewe yumo humo humo? Choo cha pamoja si neno. Feni na chandarua vinanitosha.