Shahada ya sosholojia, kazi ya umeme wa majumbani: naanzia wapi?

Wakuu, shahada ni ya sosholojia, ila kazi iliyopo ni ufundi umeme huku Mbagala. Naanzia wapi? Cheti cha chuo kikuu kinasaidia?

— Mkuu, kwenye waya hakikusaidii. Nenda chuo cha ufundi cha VETA, Chang'ombe, ukaulizie kozi fupi za umeme wa majumbani. Baadaye leseni ya EWURA (mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji). Bila hiyo fanya kazi chini ya mkandarasi aliye nayo, maana fomu ya TANESCO ya kuomba umeme inataka muhuri wake.

— Kariri vipimo kwanza. Taa: waya wa 1.5 (unene, milimita za mraba) na breka ya ampia 10. Soketi: 2.5 na breka ya 20. Jiko: 6 na breka ya 32. Kosa la wanaoanza (na wakongwe wavivu) ni hili: breka ikiruka (ikijizima yenyewe), wanabandika kubwa zaidi. Waya wa 1.5 ukiwa na breka ya 32, mzigo ukizidi unaweza kuungua ndani ya ukuta, breka imetulia tuli. Ikiruka, tafuta shoti au mzigo uliozidi. Na usiache kuweka waya wa ethi (wa ardhini, wa usalama) kwa sababu eti "taa zinawaka".

— Shahada itakufaa kwenye kuandika makadirio ya gharama. Andika vifaa mbali, ufundi mbali, mteja asaini. Ugomvi mwingi unaanzia hapo.