Anakwama kwenye kutoa kwa "kukopa", nimsaidieje?

MamaPacha
Wakuu habari zenu. Mwanangu yuko darasa la pili, kujumlisha hana shida, ila ukimpa 52 − 27 anakuandikia 35. Nikamuuliza kwa nini, akasema "saba haitoki kwenye mbili kwa hiyo nimetoa mbili kwenye saba". Nikamwambia akope moja kwa jirani, akapata 25, nikafurahi sana, halafu nikampa 58 − 23 akakopa tena na hapakuwa na haja, akaandika 215! Yaani anafuata tu maneno yangu. Natumia zana gani nyumbani aelewe badala ya kukariri?

Mwl_Chaki
Dada pole, ila hiyo 215 imekuonyesha tatizo liko wapi. Ile 5 ya kwenye 52 yeye anaiona tano tu, haoni makumi matano. Weka penseli pembeni kwanza. Tafuta vijiti vingi, avifunge kumi kumi kwa mpira, na afunge MWENYEWE akihesabu, usimpe mafungu yaliyofungwa tayari. Chukua karatasi piga mstari katikati, kushoto makumi kulia mamoja, apange 52: mafungu matano huku, vijiti viwili kule. Halafu mwambie "nipe vijiti saba" na unyamaze. Ataangalia vile viwili, ataangalia mafungu, mara nyingi mkono unaenda kwenye mpira wenyewe. Akishafungua fungu moja vijiti vyake vinahamia kulia, sasa ana makumi 4 na mamoja 12. Hapo usiharakishe, mwulize jumla ni ngapi sasa, wengi wanadhani namba imebadilika, mwache ahesabu mpaka aone ni 52 ileile. Ndio akupe saba, kisha mafungu mawili, inabaki 25.

Na hilo neno kukopa mi nililiacha darasani kwangu. Mtu akikopa anarudisha, hapa hakuna kinachorudi, tunasema "kufungua fungu". Kwenye 58 − 23 hatafungua kitu maana vijiti nane anaviona mbele yake na anaombwa vitatu tu.

Kibuyu_88
Naongezea kwa upande wa lugha. Kumi na mbili inajieleza yenyewe, ila ishirini, thelathini, arobaini ukizisikia huoni mbili wala tatu wala nne ndani yake. Ndo maana kuna watoto ukiwaambia hamsini na mbili wanaandika 502, wamesikia 50 halafu 2. Kwa wiki chache mwambie azisome kwa majina yote mawili, "hamsini na mbili, makumi matano na mamoja mawili", huku anagusa mafungu. Wangu ilimsaidia kuliko hata vijiti.

MamaPacha
Mwalimu asante sana, Kibuyu asante pia, jana jioni tumekaa na vijiti. Alipoombwa saba akakaa kimya kitambo, akavuta mpira, akaniangalia kama anaomba ruhusa! Ila akirudi kwenye daftari anasahau, na shuleni nasikia wanakaribia namba za mamia.

Mwl_Chaki
Ni kawaida, umeruka hatua ya katikati. Kabla ya daftari achore: mstari mrefu ni kumi, nukta ni moja. Akitaka kufungua anakata mstari mmoja anachora nukta kumi, na pembeni ya mchoro anaandika tarakimu, 5 inakatwa inakuwa 4, na 2 inakuwa 12. Mchoro na tarakimu viende pamoja mpaka mwenyewe aone uvivu wa kuchora. Mamia mpe mraba. Huko kinachowatesa ni sifuri, mfano 403 − 178, anataka kufungua kumi anakuta hakuna hata moja. Basi afungue mraba mmoja apate mistari kumi, katika hiyo afungue mmoja, anabaki na mia 3, makumi 9, mamoja 13. Jibu 225. Akishachora kama hizo mara kadhaa ile 9 haitamshangaza tena, atakuwa ameona imetoka wapi.