Reindia mwenye njaa akipewa hei, mbona anakufa tumbo limejaa?

Swali
Wakuu, habari. Kule kwa Wasami, wenyeji wa kaskazini (Norway, Uswidi, Ufini) wanaofuga reindia, mnyama jamii ya kulungu, mvua ikinyesha katikati ya baridi, theluji huganda juu na reindia hawawezi tena kufukua likeni (kuvu na mwani walioungana, huota ardhini na mitini) kwa kwato. Wakipelekewa hei (nyasi zilizokaushwa), baadhi hufa tumbo likiwa pomoni. Kosa liko wapi?

Jibu 1
Kosa ni kubadilisha chakula ghafla, tena kwa kuchelewa. Likeni ina wanga mwingi na protini kidogo mno, na bakteria wa tumbo la kwanza wameizoea hiyo. Akishinda na njaa siku kadhaa, bakteria hao hupungua sana. Hei yenye mabua magumu ikiingia haivunjwi wala haisogei. Ukimpasua unakuta nyasi zimeshindiliwa, na mafuta ya kwenye figo yamekwisha. Kafa njaa na tumbo limejaa.

Nafaka kwa kuanzia ni hatari zaidi: tindikali hupanda kama kwa ng'ombe aliyevamia gunia la mahindi.

Anza na likeni iliyokusanywa, kidogo kidogo mara kadhaa kwa siku. Changanya na chakula cha vidonge cha reindia, ukiongeza kwa wiki 2 hivi hadi kama kilo 2 kwa siku kwa mkubwa. Hei iwe ya majani laini, iliyokatwa mapema. Saileji (majani mabichi yaliyovundikwa) yenye maji mengi huganda ikawa tofali. Maji au theluji safi visikosekane.

Jibu 2
Naongezea la zizini. Wakati huo madume wakubwa wameshaangusha pembe, majike wenye mimba bado wanazo, hivyo wao ndio hutawala chakula. Weka vihori vya chakula vikiwa vimeachana, la sivyo wanyonge hawali. Angalia manyoya chini ya jicho: yakilowa machozi, mtenge siku hiyohiyo umwite daktari wa mifugo. Msongamano hueneza ugonjwa wa macho upesi, na jicho likishaingia ukungu anaweza kupofuka. Asiyecheua, au aliyelowa tumboni, naye mtoe.

Muulizaji
Asanteni sana. Na likeni ya kukusanya ikikosekana?

Jibu 1
Wahamishie msitu mzee wa misprusi (miti jamii ya msonobari), mkuu. Matawini huning'inia likeni nyeusi kama ndevu, na barafu ya chini haiifikii. Ndiyo maana Wasami wa Uswidi wanapigania misitu hiyo isikatwe: mti mchanga hauna ndevu hizo, na huchukua miaka mingi mno kuziotesha.