Lakabu za amri na zana za Unix ndani ya Command Prompt

Swali, kutoka Njiro, Arusha

Ndugu zangu, nimetumia Linux kwa miaka mingi, lakini ofisi ya utalii iliyoniajiri hivi karibuni inatumia Windows na hairuhusu kubadili mfumo. Nilitaka `ls`, amri ya Linux ya kuorodhesha faili, iwe lakabu (jina mbadala) ya `dir` ya Windows, hivyo katika Command Prompt, dirisha la kuandikia amri, niliandika `doskey ls=dir`, ikakubali, ila nikiandika `ls *.csv` inaniorodheshea folda nzima, na nikifunga dirisha lakabu yenyewe inapotea. Nimekosea wapi?

Jibu, kutoka Moshi

Ndugu, umesahau `$*`, ambayo ndiyo inayopeleka kwenye amri halisi yale yote unayoandika baada ya lakabu. Andika `doskey ls=dir $*`.

Ili zisipotee, weka lakabu zako katika faili la maandishi, kila moja kwa mstari wake bila neno doskey, kwa mfano `C:\zana\lakabu.txt`. Kisha fungua rejista (hifadhi ya mipangilio ya Windows), nenda `HKEY_CURRENT_USER\Software\Microsoft\Command Processor`, uunde thamani ya maandishi iitwayo AutoRun yenye `doskey /macrofile=C:\zana\lakabu.txt`. Nakusihi usiongeze amri nyingine hapo, hasa `cd` ya kubadili folda, kwa sababu AutoRun huendeshwa hata pale programu nyingine inapoita cmd (yaani Command Prompt) kimyakimya.

Jibu, kutoka Sakina, Arusha

Naongeza jambo moja ambalo lilinipotezea siku nzima. Lakabu hubadilisha jina tu, kwa hiyo `ls -l` bado itashindwa, maana `dir` haielewi `-l`; tena lakabu haifanyi kazi ndani ya faili la bechi (faili lenye orodha ya amri) wala baada ya alama ya `|`, inayopeleka matokeo ya amri moja kwa nyingine. Ukitaka `type safari.csv | grep Serengeti` ikubali, unahitaji grep yenyewe, zana ya Unix ya kutafuta maneno. Chukua Git for Windows ile isiyohitaji kusakinishwa, ambayo huja na zana za Unix, uifungue ndani ya `C:\zana\git`, kisha uongeze `C:\zana\git\usr\bin` kwenye PATH ya mtumiaji (orodha ya folda ambamo Windows hutafuta programu) kupitia dirisha la mipangilio. Usitumie amri ya setx, kwani hukata thamani inayozidi herufi 1024.

Windows ina `find` na `sort` zake, ambazo zitatangulia zile za Unix. Ziache zitangulie, maana faili za bechi za ofisini huenda zinazitegemea. `find` ya Unix ipe lakabu `gfind`.

Muuliza swali

Nashukuru sana, grep inafanya kazi. Ila `ls` bado inaleta dir.

Jibu, kutoka Moshi

Lakabu hutangulia programu. Futa mstari wa ls katika faili lako, ufungue dirisha jipya. Kwa sasa, ukiacha nafasi moja kabla ya kuandika `ls`, lakabu itarukwa.